Wachoma makala (makaa) wa Ndola na risasi ambazo hazikupita kwenye mtutu

Jambo wazee, jambo wamama, vijana wangu jambo. Asanteni kwa kuja na mvua yote hii, najua wengine mmetoka Ruashi, wengine Katuba, na hapa Kamalondo, Lubumbashi, barabara ikishaloa mnaijua wenyewe. Mikro inakatakata kwa hiyo nitapaza sauti, wa nyuma mkikosa kusikia nyosheni mkono.

Kwenye karatasi ya mlangoni wameandika "Nani alimuua Hammarskjöld", yule katibu mkuu wa ONU, yaani Umoja wa Mataifa, aliyekufa kwenye ndege 1961. Sikuiandika mimi, na nawaambia mapema, leo sitawapa jina la muuaji. Nataka tuongee habari ya risasi. Maana nimechoka, kweli nimechoka, kila mwaka Januari ikifika, kila mwaka Septemba ikifika, vijana wananiletea video kwenye simu, huyu anasema aliuawa hivi, yule anasema ilikuwa vile, na wote wanamalizia palepale, "prof, risasi zilikutwa, dosie imefungwa". Sasa mimi nauliza, risasi ilikutwa wapi, nani aliiokota, iliwekwa mfuko gani, na ilikuwa na alama gani? Hapo video inaisha.

Tuanze na usiku wenyewe. Tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961. Mji huu unaitwa Elisabethville, ni makao makuu ya Katanga ya Tshombe, iliyojitenga na Congo, vita imeanza tarehe 13, askari wa ONU wanapigania posta na redio na wanajeshi wa Katanga, wazee waliokuwa watoto wakati ule wanaikumbuka ile posta kuliko mimi. Katibu mkuu wa ONU, Dag Hammarskjöld, Msweden, anatoka Léopoldville, Kinshasa ya leo, na ndege aina ya DC-6, jina lake Albertina, anaenda kukutana na Tshombe huko Ndola ili wasimamishe vita. Ndola mnaijua, wakati ule Rodezia ya Kaskazini, leo Zambia, unavuka mpaka pale Kasumbalesa, unapita Chingola, Kitwe, jioni umefika. Ndani ya ndege watu 16. Baada ya saa sita usiku kidogo rubani anaongea na uwanja, anasema anaona taa, anashuka. Alafu kimya. Ndege imeanguka msituni kama kilomita 15 tu kutoka uwanjani, na hao wakubwa wa Rodezia wanasema mabaki yamepatikana rasmi saa tisa na dakika kumi mchana. Hesabuni wenyewe. Saa 15, kilomita 15.

Mtu mmoja alikutwa hai, mlinzi Mmarekani, Harold Julien, ameungua vibaya, akaishi siku sita hivi hospitalini, na aliongea. Aliongea habari ya mlipuko, ya cheche angani. Wakasema amepewa dawa, anaweweseka. Nawaomba mshike hilo neno "anaweweseka", tutalikuta tena.

Sasa risasi. Walipofungua maiti walikuta risasi ndani ya miili ya walinzi. Hapo ndo moto ulipowaka, na haujazimika mpaka leo. Upande mmoja wakasema, mnaona, walipigwa risasi, watu walifika pale usiku wakawamaliza. Upande wa pili, yaani tume ya Rodezia na baadaye tume ya ONU, wakasema hapana, walinzi walibeba risasi zao, ndege ikawaka, risasi zikalipuka kwa joto zikaingia mwilini. Akasimama meja mmoja wa jeshi la Sweden, mtu wa baruti, akasema huo ni upuuzi mtupu, risasi ikilipuka kwenye moto haina nguvu ya kutoboa mtu, wao walishafanya majaribio makubwa kujua kama wazimamoto wanaweza kusogea karibu na ghala la silaha linalowaka.

Nani mkweli? Wewe kijana wa shati la bluu, njoo hapa mbele. Una kalamu ya Bic? Toa wino, baki na ule mrija. Sawa. Sasa chana karatasi, itafune, si mlikuwa mnafanya hivi darasani mwalimu akigeuka, msinidanganye. Weka kidonge ndani, puliza. Mmeona kimefika wapi? Kimempata yule papa wa kofia, tusamehe papa. Sasa weka kidonge hichohicho kwenye kiganja, puliza kwa nguvu uleule. Kimeanguka miguuni kwako. Asante, kaa.

Ndo hivyo tu. Risasi nzima ina ganda la shaba nyeupe au njano, ndani baruti, nyuma kifataki kidogo, mbele kichwa cha risasi, kile kinachoruka. Ndani ya bunduki moshi wa baruti hauna pa kwenda, mtutu umeubana, basi unasukuma kichwa kwa nguvu yake yote. Kwenye moto wa wazi hakuna mtutu, ganda linapasuka, na kwa sababu ganda ni jepesi kuliko kichwa, mara nyingi linaloruka ni ganda, kichwa kinabaki hapohapo. Kwa hilo meja alisema kweli.

Lakini kuna jambo lingine kuhusu mtutu. Ndani yake si laini. Wanachonga mifereji inayozunguka, ili risasi itoke inajizungusha isiyumbe hewani. Na ile mifereji inaikwaruza risasi, kila bunduki kwa mkwaruzo wake, na mtaalamu akiwa na darubini anasoma hiyo mikwaruzo kama wewe unavyosoma mwandiko wa mtoto wako. Risasi iliyopita mtutuni ina mistari. Ambayo haikupita, ni laini.

Zile za Ndola zilikuwa laini.

Kwa hiyo mimi, na najua wengine hapa mtanikasirikia, mimi siamini kwamba wale walinzi walipigwa risasi na bunduki. Ndege inaanguka kwa kasi, sanduku la risasi limebanwa na mwili, chuma na miti na watu vinaingiana, alafu moto. Sihitaji muuaji wa kuja usiku na bunduki kuelezea hilo. Na mwaka 2013 wataalamu wa maiti walirudia kupitia zile foto na eksrei, wakasema hawaoni alama kwamba Hammarskjöld mwenyewe alipigwa risasi. Wale wanaosambaza habari ya tundu kwenye paji la uso, na karata ya jembe shingoni, waache kwanza wasome.

Sasa msipige makofi mkidhani nimewatetea Warodezia. Bado.

Maana kama kuna ndege nyingine iliwapiga angani, hauendi kutafuta risasi kwenye miili tu, unatafuta kwenye bati la ndege, unatafuta tundu. Katanga ilikuwa na ndege za kivita za Kifaransa, Fouga Magister, mwezi ule moja tu ndo iliyokuwa inaruka na ilishasumbua sana askari wa ONU kule Jadotville, yaani Likasi yetu hii. Basi swali la tundu lilikuwa swali la haki kabisa. Wakafanyaje? Sehemu kubwa ya mwili wa ndege ilikuwa imeyeyuka kwa moto ikawa mabonge ya aluminiamu. Wakamleta mtaalamu wa Zurich, Max Frei-Sulzer, na yale mabonge yakayeyushwa tena, karibu tani mbili, ili waone kama kuna risasi ya kigeni ndani. Akasema hakuna.

Hapa niko Lubumbashi, niko kati ya watu wa fonderi, watu wa kuyeyusha madini, nusu yenu baba zenu walifanya kazi chini ya ile shemine kubwa. Mniambie nyinyi. Ukichukua bati lenye tundu ukalitia tanuruni, tundu linaenda wapi? Tundu halina chuma. Risasi ikipita upande huu ikatokea upande ule ikaenda zake msituni, inaacha tundu, basi, na kingo zake zimekunjwa kwa ndani au kwa nje, hiyo ndo barua iliyoandikwa na risasi. Na wao wameitia barua motoni wakatafuta kama kuna wino kwenye majivu. Risasi ya timazi tupu nayo inayeyuka kwa digrii 327 wakati aluminiamu inangoja 660, hiyo fundi yeyote wa kumimina sufuria pale sokoni anaijua bila kwenda shule. Mimi sisemi huyo mtaalamu alikuwa mwovu. Ila miaka baadaye, 1982, ndo huyohuyo aliyekagua mwandiko wa vile vitabu vya siku vya Hitler akasema ni vya kweli, vikaja kuonekana vya uongo. Mtaalamu naye ni mtu.

Haya, sasa wachoma makala. Hapa ndo moyo wangu ulipo, na ndo sababu nimekubali kuja leo.

Usiku ule msituni walikuwepo watu. Waafrika, wachoma makala. Kadhaa wao walisema waliona ndege mbili, kubwa na ndogo, waliona mwanga, wengine waliongea habari ya moto kutoka ndege moja kwenda nyingine. Wako waliofika kwenye mabaki asubuhi, kabla ya serikali kuyapata "rasmi". Waliofika wakachukua vitu, ikiwemo mashine ya kuandikia siri wakidhani ni ya kupiga chapa tu, wakapelekwa kortini kwa wizi. Na wale waliosema wameona ndege mbili, tume ya Rodezia ikawaweka pembeni, eti ushahidi wao hauaminiki, hawajui ndege, wanachanganya taa, wana siasa. Ikaandikwa kosa la rubani, Februari 1962. Tume ya ONU mwaka uleule ilikuwa na heshima zaidi, ikasema haiwezi kujua sababu.

Mnaelewa kilichotokea? Walibishana miezi na miaka juu ya risasi ambazo hazikupita mtutuni, na watu wenye macho waliokaa macho wakaambiwa nyinyi hamkuona. Mmarekani aliyeungua anaweweseka. Mchoma makala hajui ndege. Anayejua ni nani? Ambaye alikuwa amelala Ndola mjini.

Ilibidi tungoje miaka 50. Mwaka 2011 mtafiti Mwingereza, Susan Williams, akaandika kitabu kilichofungua tena mlango, ikaja komisheni ya majaji 2013, wakaenda kuwatafuta wale wazee waliobaki, wakawasikiliza kama watu. Alafu ONU ikamweka Mohamed Chande Othman, jaji mkuu wa zamani wa Tanzania, mtu wa lugha hii tunayoongea sasa hivi. Yeye amesema nini? Hajasema "waliuawa". Kwenye ripoti ya 2017, na tena 2019, amesema inawezekana kabisa kwamba shambulio au kitisho kutoka nje ndicho kiliiangusha ndege, na akasema kuna nchi bado hazijafungua makaratasi yake vizuri, akataja Uingereza, Marekani, Afrika Kusini. Ni mwanasheria, kila neno amelipima. Mimi nasimama hapohapo aliposimama, siongezi hatua.

Kijana mmoja ananyosha mkono tangu zamani. Sema.

(Kijana: "Prof, lakini Kennedy je? Kule risasi zote zipo, na bado watu hawaamini.")

Asante, umenirahisishia. Kennedy, rais wa Marekani, aliuawa Dallas, 22 Novemba 1963. Kule kila kitu kipo. Bunduki ipo, Carcano ya Kiitalia ya milimita 6.5, nambari C2766, mtuhumiwa, Oswald, aliiagiza kwa posta kutoka Chicago kwa jina la uongo. Maganda matatu chini ya dirisha, ghorofa ya sita. Filamu ipo, sekunde 26. Na risasi moja karibu nzima ilikutwa kwenye machela hospitalini, ikasomwa mistari yake, imetoka kwenye bunduki ileile. Wamarekani wanaiita risasi ya ajabu, kwa sababu tume ya Warren, iliyochunguza mauaji, ilisema hiyo moja imepita mgongo na koo la Kennedy, ikaingia mgongoni kwa gavana Connally aliyekaa mbele yake garini, ikavunja ubavu, ikavunja kifundo cha mkono, ikasimama kwenye paja, na bado imepungua uzito kidogo sana.

Mmeshaona mchoro unaozunguka, ule ambao risasi inapinda kulia inapinda kushoto kama nyoka? Huo mchoro umekosea viti. Wamemchora gavana amekaa sawasawa mbele ya rais, urefu mmoja. Angalieni nyinyi mlivyokaa hapa. Mama wa kitenge cha njano, sogeza kiti chako ndani kidogo, isizidi shibiri moja. Na kishushe, haya, tufanye umekaa kwenye kigoda. Sasa papa aliye nyuma yako yuko juu yako na kwa nje kidogo, na mimi nikisimama kule juu ya dirisha kulia nikavuta uzi, uzi unanyooka. Gavana alikuwa kwenye kiti cha kukunja, chini na ndani zaidi ya rais, na alikuwa amegeuza kiwiliwili. Haipindi.

Lakini je, watu wa Dallas ni wajinga kwa kushuku? Hapana. Daktari wa kwanza alisema kidonda cha koo kinaonekana cha kuingilia. Polisi wa kwanza alisema bunduki ni Mauser. Daktari aliyepasua maiti alichoma karatasi zake za kwanza. Risasi ya machela, hawakukubaliana hata ilikuwa machela ya nani. Na mtuhumiwa akapigwa risasi siku mbili baadaye, ndani ya polisi, mbele ya televisheni. Unataka watu waamini nini? Mwaka 1979 kamati ya bunge lao ikasema labda kulikuwa na mpiga risasi wa pili, kwa sababu ya sauti iliyonaswa kwenye redio ya polisi, 1982 wanasayansi wakasikiliza upya wakakuta ile sauti ni ya kama dakika moja baada ya mauaji. Mimi kwa risasi peke yake naona zinaelekea kwenye lile dirisha. Lakini Oswald hajaulizwa vya kutosha, na risasi haiwezi kukwambia nani alikuwa anamjua nani. Hata hapa kwetu, 16 Januari 2001, Mzee Laurent-Désiré Kabila amepigwa risasi na mlinzi wake ofisini, na mlinzi akauawa palepale. Mtu wa kwanza wa kuulizwa akafa kwanza. Sitaenda mbali zaidi hapo, jioni ni fupi.

Nataka nimalizie nyumbani kabisa. Lumumba, na wenzake Mpolo na Okito. Tarehe 17 Januari 1961, ndege inawashusha hapa uwanja wa Luano wamepigwa mpaka basi, wanapelekwa ile nyumba ya Brouwez, na usiku huohuo wanapigwa risasi kule Shilatembo, kama kilomita 50 kutoka hapa. Mafisa wa Kibelgiji wako pale, mawaziri wa Katanga wako pale. Siku hizo nyingine polisi Mbelgiji, Gerard Soete, anafukua miili, anaikatakata, anaitia asidi. Tarehe 13 Februari serikali inatangaza redioni eti walitoroka na wanakijiji wamewaua. Hakuna maiti. Hakuna risasi ya kupeleka kwenye darubini. Hakuna ganda, hakuna daktari, hakuna filamu. Kama ushahidi ni risasi, basi Lumumba angekuwa ametoroka mpaka leo.

Na bado hiyo ndo kesi tunayoijua vizuri kuliko zote tatu. Tunajua saa, tunajua njia, tunajua nani aliongoza kikosi. Tumejuaje? Telegramu. Makaratasi ya wizara za Brussels. Wauaji wenyewe walipozeeka wakaongea, Soete alionyesha meno kwenye televisheni. Bunge la Ubelgiji likakaa, 2001 likakubali kwamba mawaziri wao wana lawama, 2022 wakarudisha jino, jino moja, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Makabati yalifunguliwa na midomo ikafunguka, ndo hivyo tumejua. Kwa hiyo mtu akikuletea video ya risasi, mwulize habari ya makaratasi ya Fouga, mwulize ndege za Wamarekani zilizokuwa zimepaki Ndola usiku ule zilinasa nini kwenye redio, mwulize kwa nini faili ya 1961 bado ni siri mwaka huu. Hiyo ndo kelele ya kupiga.

Kuna mama ana neno. Mpeni mikro. Ikikataa aseme tu.

(Mama, anauza makala, amesema mume wake anachoma njia ya Kasenga: "Prof, umesema habari ya tanuru. Sisi kule hatulalake. Unafunika miti na udongo, unaacha katundu kadogo ka hewa, ukilala udongo unapasuka, moto unatoka, asubuhi unakuta majivu, kazi ya mwezi imeenda. Sasa mtu anakaa usiku mzima ameupa moto mgongo, kwa sababu ya moshi, anaangalia giza. Macho yake yamezoea giza. Ndege ikipita, njo kitu pekee inapita. Mume wangu akirudi ananiambia, leo zimepita tatu, moja ilikuwa chini.")

Rudia mama, hilo la mwisho, wa nyuma hawajasikia.

("Ananiambia zimepita ngapi. Kila mara anahesabu.")